Gari Lililoitwa Marehemu

Makongeni, Thika
4 Agosti 1997

Kwa Bwana Idarous,

Salamu kutoka kwangu na kwa Mama Wamboi. Sisi tuko, ila macho yangu ndiyo hayapo. Daktari amenikataza kuendesha gari. Anasema la kushoto linaona mawingu na la kulia linaona nusu. Ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa mkubwa hivi. Usidhani nakupigia kelele.

Nimesikia kwa watu wetu wa zamani wa kiwandani kwamba duka lako la unga hapo Kiuu limekua, na kwamba pikapu yako ilizama kwenye matope Mwihoko mpaka ikavutwa na ng'ombe. Pole sana. Nina dawa yako.

Unaikumbuka Kudu yangu? Ile ya kijani, ya mwaka 1984, yenye tairi ya akiba mgongoni. Naiuza. Injini ni ya dizeli na haijawahi kufunguliwa. Magurudumu yote manne yanavuta. Oili nimebadilisha kwa wakati, na chujio pia. Wenye Kudu tunajuana, Bwana Idarous. Tukipishana njiani tunawashiana taa mara mbili, kwa sababu kuna jambo tunalolijua na wengine hawalijui. Miaka kumi na moja nimekuwa nayo na haijakataa kuwaka hata asubuhi moja.

Haraka yangu ni hii: landilodi anataka kujenga vyumba pale ninapoiegesha, na amesema iondoke kabla ya Desemba. Aliyejitokeza kuitaka ni Munyao wa vyuma vikuukuu peke yake. Alikuja akaigonga gonga kwa rungu, akauliza kama ndani ya viti navyo mna chuma. Nimeishi na mashine maisha yangu yote. Siwezi kusimama nikiangalia Kudu nzima ikikatwa kwa gesi. Ichukue wewe. Bei tutaelewana.

Wako wa jicho moja lisilotimia,
Kang'ethe


Kiuu, Ruiru
19 Agosti 1997

Baba Wamboi,

Pole kwa macho. Na ng'ombe walikuwa wawili, kama ulisikia mmoja basi umeambiwa kwa huruma.

Barua yako ilinifurahisha, kisha ikanichanganya. Dada yangu Amida, jirani yako wa mlango wa tatu, yule wa mandazi, alikuja Jumapili kunijulia hali. Nikamwambia, nanunua gari la Kang'ethe. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Ile Marehemu?"

Nikauliza marehemu gani. Akacheka mpaka akashika mbavu. Anasema Makongeni yote inaliita hivyo. Anasema gia zimekufa mara tatu, difu mara nne, na kila asubuhi chini yake pana kopo limejaa oili. Anasema kila Jumamosi miguu yako inaonekana ikitokeza chini ya gari mpaka saa sita. Watoto wakitaka kusema kitu hakiwezekani wanasema, "Labda Kudu ya Kang'ethe iwake."

Tumefanya kazi pamoja miaka tisa, wewe kwenye mashine na mimi stoo. Hukuwahi kuniletea hesabu ya uongo ya hata boliti moja. Sasa imekuwaje, unataka kumuuzia rafiki yako maiti?

Ndugu yako,
Idarous


Makongeni
27 Agosti 1997

Bwana Idarous,

Jina la Marehemu nililitunga mimi mwenyewe.

Tafadhali kaa chini usome polepole. Nilipoinunua Kudu mwaka wa 1986, mtaa huu haukuwa na gari lingine la kupanda milima. Miezi sita ya kwanza nilibeba majeneza manne, mabibi harusi saba, kwaya nzima pamoja na ngoma zao, na mbuzi tisa wa ruracio, yaani wa mahari, ambao walikula mkanda wa kiti cha mbele. Sikukataa hata mmoja. Jeneza unalikataaje? Wakizoea hawaombi tena, wanakujulisha tu. Siku moja nilitoka kazini nikakuta wazee wa kamati ya harambee wamekaa ndani ya gari, wamefungua madirisha, wananingoja.

Kisha ikatokea siku moja maji yakaingia kwenye dizeli, ikakohoa mara mbili nikiwa na Mburu na meza zake za harusi. Mburu akasema, "Ngai, hii gari imeanza kuzeeka." Wiki ile hakuja mtu. Jumamosi nililala hadi saa tatu, nikanywa chai yangu nikiwa nimevaa kaptula. Ndipo nilipoona njia.

Kopo la oili nilikuwa naliweka mwenyewe alfajiri. Ni oili ya zamani, ile ile, miaka kumi. Chini ya gari siku za Jumamosi nilikuwa nasoma gazeti. Neno difu nilijifunza kulisema huku nikitikisa kichwa. Hakuna anayeuliza difu ni nini. Wanasema pole na kwenda zao. Wakiniona naiendesha, nasema nimeitengeneza jana, na wiki ijayo inakufa tena.

Nilichopoteza ni kimoja. Gachau wa Gatundu ana Kudu kama yangu. Alipotaka kuiuza, mnunuzi akamwambia hizi zinakufa gia, habari imetoka Makongeni. Tangu siku hiyo tukipishana haniwashii taa. Hilo linaniuma kweli, maana Kudu haikunikosea kitu, na mimi ndiye niliyeiharibia jina mpaka kwa wenzake.

Ni nzima, Bwana Idarous. Naapa.

Kang'ethe


Kiuu
8 Septemba 1997

Baba Wamboi,

Nimesoma polepole kama ulivyosema. Mke wangu Muna naye amesoma, na amecheka pale kwenye kaptula. Lakini mimi ni mfanyabiashara. Mtu akiniambia, "Nilidanganya miaka kumi, sasa nasema kweli," nitajuaje kwamba hakuanza kudanganya mwezi wa nane, alipotaka kuuza?

Tena kuna jambo. Amida anasema si maneno matupu. Zamani alikuja kukuomba gari, ukampa ufunguo ajaribu mwenyewe. Akakaa kwenye kiti, akageuza ufunguo kwa mkono wake. Kimya. Hata taa ya dashibodi haikupepesa. Kopo la oili naweza kulielewa. Hilo la ufunguo linieleze fundi.

Usiniapie tena. Nataka ushahidi.

Idarous


Makongeni
15 Septemba 1997

Bwana Idarous,

Umenibana. Nitakwambia jambo ambalo hata mke wangu Beth halijui.

Chini ya kiti cha dereva, upande wa mlango, kuna swichi ndogo nyeusi. Niliifunga mwenyewe mwaka wa 1987. Ukiibonyeza inakata umeme wote, na ukigeuza ufunguo hupati hata mlio wa stata. Watu wengine hawaamini neno difu, kwa hiyo nilikuwa nawaambia, karibu, jaribu mwenyewe. Mtu akijaribu kwa mkono wake harudi tena. Kila nikishuka, mkono wangu unapita pale chini na kubonyeza. Siku hizi siujui hata ukipita.

Ushahidi unaoutaka ninao. Mimi ni mtu wa mashine, kila kitu naandika. Katika daftari la gari kuna safari zote, oili zote, na kila siku niliyoombwa: aliyeomba, nilichomwambia, na ukweli wenyewe. Ukilisoma utaona kwamba Kudu haijaharibika hata siku moja. Mwandiko wangu wa zamani ni mdogo, siwezi kuusoma tena. Nimemwambia Beth achane ukurasa wa mwaka wowote autie katika bahasha hii. Yote ni sawa.

Mkweli wako kuanzia leo,
Kang'ethe

Ukurasa ulioambatana na barua:

Jumamosi 6 Machi 1993. Kamati ya harusi. Nilisema gia ya pili. Ukweli: nzima. Mchana nilienda Gatanga kununua mahindi.
Jumapili 21 Machi. Mburu, viti vya kanisa. Nilisema difu. Ukweli: nzima.
Jumatano 14 Aprili. Mama Ruqayya, binti ana uchungu wa kuzaa. Nilisema betri. Alijaribu ufunguo mwenyewe, kimya. Ukweli: nzima. Jioni nilienda Gatundu kuchukua viazi, iliwaka mara moja.
Ijumaa 16 Aprili. Hakuna aliyeomba.


Kiuu
24 Septemba 1997

Kang'ethe,

Ukurasa nimeupata. Mama Ruqayya ni dada yangu Amida, nawe unajua.

Siku hiyo walimlaza Ruqayya kwenye mkokoteni wa maji. Mtoto alizaliwa juu yake, nje ya kinu cha kusaga, watu wakiwa wameshika leso kuzunguka. Anaitwa Junaid, lakini mtaani kwenu mnamwita Mkokoteni, na sote tumekuwa tukicheka jina hilo miaka minne. Mimi pia nimecheka. Leo sicheki.

Gari lako ni zima, sina shaka tena. Silitaki. Amida sijamwambia kitu. Utamwambia mwenyewe, au ukae nalo mpaka Munyao aje.

Idarous


Makongeni
2 Oktoba 1997

Kwa ndugu Idarous,

Ni mimi Beth ninayeandika, na mume wangu hajui. Alisema nichague ukurasa wowote. Nilianza kusoma daftari kwa udadisi tu, nikafika tarehe kumi na nne Aprili, nikakaa kitako sakafuni. Ukurasa huo niliuchagua mimi. Barua yake pia niliisoma kabla sijaibandika, kwa hiyo nayo swichi naijua sasa.

Siku ile nilikuwa pale kwenye kinu. Leso moja kati ya zile ilikuwa yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia, "Maskini Ruqayya, na gari letu limekufa," naye akasema, "Ni bahati mbaya." Nikampikia viazi vile vile vya Gatundu. Nimekasirika mpaka nimemwambia alale na daftari lake.

Lakini sikukuandikia nimseme tu. Mimi nilidhani anampenda yule mtoto bure. Kila Junaid akipita, yeye hutoa peremende mfukoni, humpa bila kumtazama usoni, kisha huingia ndani. Miaka minne, peremende kila siku. Sasa naelewa alikuwa anafanya nini. Alijua siku zote.

Tangu barua yako ifike anakwenda kwa Amida kila asubuhi kuungama. Anasimama mlangoni. Amida anamwuliza, "Nikupe ngapi?" Anasema sita. Anarudi na mandazi. Leo ni siku ya tano, ndugu Idarous. Mengine tumewapa kuku.

Ruqayya ni mjamzito tena, anatarajia mwezi wa Novemba, na watu wa redio wanasema mvua ya mwaka huu itakuwa kubwa isivyo kawaida. Sijui nakuomba nini. Nimeona tu ujue.

Beth, Mama Wamboi


Kiuu
20 Oktoba 1997

Baba Wamboi,

Amida amekuja huku. Anasema hatimaye ulifungua mdomo, ukamwambia, "Siku ile betri haikuwa imekufa kabisa." Akakuuliza kufa kabisa na kufa kidogo kuna tofauti gani. Ukasema ungeweza kuisukuma ikawaka, lakini ulikuwa umechoka. Kisha ukanunua mandazi sita.

Alilia kidogo, hapa kwangu, si kwako. Kisha akasema uchovu ni ubinadamu. Amekusamehe uchovu. Kwa hiyo umepata msamaha wa kosa ambalo hukulifanya, na lile ulilolifanya bado unalo mfukoni.

Sasa sikiliza agizo lake, maana mimi ni tarishi tu. Anasema gari la kusukumwa linashinda mkokoteni. Kudu itaegeshwa mbele ya mlango wake mpaka Ruqayya ajifungue. Tangi lijae. Ufunguo utaning'inizwa kwenye msumari jikoni kwake. Samir, mume wa Ruqayya, ni dereva wa lori la mkate, ataendesha yeye. Ikimfikisha binti hospitalini, nitalinunua gari. Isipomfikisha, Munyao alete gesi yake.

Na ile swichi mwambie, Kang'ethe. Mwambie kabla hajaambiwa na mwingine.

Idarous


Makongeni
28 Oktoba 1997

Bwana Idarous,

Agizo nimelitii. Jana niliipeleka Kudu mwenyewe, hatua sitini, Beth akitembea mbele na mwavuli akinionyesha njia. Sikutaka Samir aipeleke. Ilikuwa safari yangu ya mwisho nayo, na nilitaka niisikie. Iliwaka mara moja. Niliiegesha karibu na ukuta wa Amida, nikashuka, nikampa ufunguo mkononi. Majirani walitoka kutazama. Mburu akasema, "Leo wamemfufua."

Samir nimemkataza kuiwasha washa ovyo asije akamaliza dizeli. Mvua imeanza kweli, tangu juzi haijapumzika, na barabara ya kutokea mtaani imekuwa mto.

Kuhusu swichi, nitaing'oa mvua ikipungua na hakuna atakayejua ilikuwepo. Unajua nimeishi hapa miaka ishirini na mbili. Mburu alikodi lori kumzika mama yake. Muasya alibeba godoro la mgonjwa mgongoni. Kila mmoja aliwahi kuugeuza ufunguo ule akanipa pole. Nikisema swichi kwa Amida, nimesema kwa wote. Niache nizeeke na jina langu, Bwana Idarous. Gari limeshapata lake.

Kang'ethe


Makongeni
14 Novemba 1997

Kwa ndugu Idarous,

Ni Beth tena. Safari hii mume wangu yuko hapa pembeni yangu, na amesema niandike kila kitu, nisipunguze.

Jana Alhamisi, kama saa nne asubuhi, uchungu ulimshika Ruqayya. Mvua ilikuwa inamwagika, na magari ya abiria hayaingii mtaani tangu wiki iliyopita. Amida akatoa ufunguo kwenye msumari. Tukamwingiza Ruqayya kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Majirani wote walikuwa nje na miavuli na magunia vichwani, maana hakuna aliyekuwa amekwenda kazini. Samir akakaa, akageuza ufunguo.

Kimya.

Akageuza tena. Kimya, hata taa haikupepesa. Nilimwona Amida akiinua kichwa. Hakupiga kelele. Alisema polepole tu, "Si leo tena, jamani. Si leo."

Mburu akasema kwa uchungu, "Marehemu ni marehemu tu," na Muasya akakimbia kutafuta mkokoteni. Mkokoteni ule ule, ndugu Idarous, bado uko, unabeba maji.

Mume wangu alitoka nyumbani amevaa kiatu kimoja. Nilijua papo hapo kilichotokea na naye alijua. Wakati wa kuegesha, mkono wake ulikuwa umepita chini ya kiti peke yake, kama kila siku tangu mwaka wa 1987. Alifungua boneti. Akaweka mkono juu ya betri. Watu wakamzunguka wamwangalie fundi. Nikaelewa anachofikiria, maana nimelala naye miaka thelathini: angeshika waya huu na ule, angemtuma mtu spana, angeinama mahali kama mtu anayeokota, na baada ya dakika kumi ingewaka na angekuwa shujaa. Hakuna ambaye angejua mpaka kaburini.

Ruqayya akalia.

Akafunga boneti kwa nguvu. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Betri ni nzima! Imekuwa nzima miaka yote! Nilikuwa naizima mimi!" Akafungua mlango wa Samir, akapiga magoti kwenye maji, akaingiza mkono chini ya kiti, na sote tukasikia mlio mdogo: tak. Akamwambia Samir, "Washa."

Iliwaka mara moja. Sauti ile nzuri unayoijua.

Ndugu yangu, unaweza kufikiri watu walishangilia. La. Mburu alikuwa na mwavuli, akaushusha akalowa. Muasya alikuwa amefika na mkokoteni, akauachilia ukaanguka mikono juu. Mume wangu alibaki amepiga magoti pale majini. Kisha Amida akasema kutoka ndani, "Kang'ethe, panda. Maji yakiwa mengi utashuka upime kina." Akapanda. Akashuka mara mbili, maji yakamfika kiunoni, na Kudu ikapita nyuma yake kama inakwenda dukani.

Mtoto ni msichana. Alizaliwa saa saba na nusu, kitandani, kwenye shuka.

Jioni nilifikiri watatuvunjia madirisha. Wakaja mmoja mmoja, wakagonga kwa adabu. Mburu alikuwa wa kwanza. Alikaa, akakataa chai, akasema, "Mimi nataka kujua siku yangu tu." Mume wangu akaniambia nilete daftari. Nikasoma: Ijumaa 10 Juni 1994, Mburu, kumzika mama yake, nilisema difu. Ukweli: nzima. Mburu akasema, "Mimi nilikuletea hata kuku wa pole." Mume wangu akasema, "Alikuwa mtamu, Mburu. Nisamehe." Mburu akaanza kucheka, na alipocheka ndipo mume wangu akalia. Chai akainywa.

Walikuja watu kumi na wanne. Niliwasomea wote. Muasya alikuwa na siku tatu, akataka zirudiwe. Wengine hawakucheka, na mmoja hajatusalimia hata asubuhi ya leo, na ana haki.

Mume wangu anasema sasa gari ni lako, ukilitaka bado.

Beth


Kiuu
9 Februari 1998

Baba Wamboi,

Sikuandika mapema kwa sababu sina nafasi ya kukaa. Kudu ilifika hapa mwanzo wa Desemba, na nakiri mbele ya Mungu kwamba sijaona gari kama hili. Kule Mwihoko inapita mahali ambapo wale ng'ombe wawili walikataa. Unga unafika mkavu. Juzi karibu na daraja nilipishana na Kudu ya bluu. Mzee aliyekuwa ndani akaniwashia taa mara mbili. Nikasimama, nikamsalimia. Ni Gachau wa Gatundu. Anasema bei ya Kudu imepanda tangu habari za Makongeni zifike kwao, na nikuambie amekusamehe.

Tatizo ni kwamba habari zimefika na huku. Kila mtu Kiuu anajua kwamba Kudu haiharibiki kamwe. Tangu Idi nimebeba jeneza moja, maharusi wawili, timu ya mpira ya Mwihoko pamoja na kipa wao mnene, na viti vya kanisa ambalo mimi si muumini wake. Imamu na mchungaji sasa wananigawana siku. Jana nilitoka msikitini nikakuta wazee watano wamekaa ndani, wamefungua madirisha, wananingoja. Nilikumbuka barua yako nikataka kulia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nina swali dogo. Nimepapasa chini ya kiti cha dereva, upande wa mlango. Nimekuta matundu mawili ya skrubu na waya ulioungwa vizuri. Swichi yenyewe iko wapi? Nauliza tu.

Idarous


Makongeni
16 Februari 1998

Bwana Idarous,

Ulipoandika "nauliza tu" nilicheka mpaka Beth akaja kuuliza nina nini.

Niliing'oa siku mtoto alipofikisha siku saba. Nilimpelekea Amida mkononi, nikamweleza yote tangu mwanzo, hata viazi, na safari hii sikununua mandazi. Aliigeuza geuza, akabonyeza: tak, tak. Akaitundika kwenye msumari jikoni, pale ulipokuwa ufunguo. Kila mtu anayeingia kununua anaiona, nami nakwenda kila asubuhi, kwa hiyo naiona kila asubuhi. Junaid huomba aichezee na hukatazwa.

Iko pale, nzima, haina hata kutu. Ukiitaka usiniandikie mimi. Njoo Makongeni, ingia jikoni kwa dada yako, mtazame usoni, umwambie unataka kuifanyia kazi gani. Nijulishe siku tu, nije kusikiliza.

Kang'ethe